Wenye nidhamu hawapigani na nafsi zao

Ukiwasikiliza wahamasishaji, mafanikio ni vita. Amka saa kumi alfajiri, jilazimishe, jinyime, ishinde nafsi yako kabla haijakushinda. Anayekwama huambiwa hakutaka kwa dhati. Ushauri huu una mvuto wake, na nadhani unadumu kwa sababu unampendeza zaidi anayeutoa: unamfanya awe shujaa wa hadithi yake mwenyewe. Tatizo ni kwamba watafiti walipowafuatilia watu wenye nidhamu katika siku zao za kawaida, vita yenyewe hawakuiona.

Mwaka 2012 Wilhelm Hofmann na wenzake walichapisha utafiti waliofanya Ujerumani. Watu wazima 205 walipewa vifaa vidogo vilivyolia mara kadhaa kwa siku kwa muda wa wiki moja. Kila kilipolia, mtu aliandika kama wakati ule alikuwa anatamani kitu, kama tamaa hiyo inagongana na lengo lake lolote, na kama anajaribu kuizuia. Mtu angetegemea kwamba wale wenye sifa ya kujizuia ndio wangekuwa wanajizuia mchana kutwa. Ikawa kinyume. Walipatwa na vishawishi vichache kuliko wenzao, na walishindana navyo mara chache zaidi. Yule mfanyakazi mwenzako anayekabidhi kazi mapema na bado jioni anapata muda wa mazoezi, huenda hana moyo wa chuma kukuzidi. Siku yake imepangwa kwa namna ambayo moyo wa chuma hautakiwi kila saa.

Hapo ndipo ninapotofautiana na mahubiri mengi ya mafanikio. Yanamtaka mtu aongeze nguvu, wakati ushahidi unaelekea kusema apunguze mahali pa kuzitumia.

Kulikuwa na nadharia nyingine iliyotamba kwa miaka mingi. Mwaka 1998 Roy Baumeister na wenzake walidai kwamba uwezo wa kujizuia ni akiba inayopungua kila inapotumika: ukijinyima kitu asubuhi, mchana utakuwa dhaifu zaidi. Iliingia semina za kazini na vitabu vya ushauri, ikawa kama jambo lililokwisha thibitishwa. Mwaka 2016 maabara 23 zilirudia jaribio la aina hiyo kwa pamoja, zikiwa na washiriki zaidi ya 2,000, na athari iliyopatikana ilikuwa karibu na sifuri. Mjadala haujafungwa, lakini aliyekuwa akisema “nimeishiwa nidhamu kwa leo” sasa hana sayansi imara ya kujifunikia. (Na Baumeister huyohuyo ni mmoja wa walioandika utafiti ule wa Ujerumani. Sayansi ina vituko vyake.)

Tuache nguvu, tutazame mazoea. Wendy Wood, mwanasaikolojia wa Marekani, aliwaomba watu waandike kila saa walichokuwa wakifanya na walichokuwa wakifikiria. Katika matokeo aliyochapisha na wenzake mwaka 2002, takribani asilimia 43 ya vitendo vilivyoandikwa vilikuwa vile vinavyofanyika karibu kila siku na mahali palepale, na mara nyingi mikono ikifanya hivi akili ilikuwa kwingine. Kwa hiyo sehemu kubwa ya siku haiamuliwi siku hiyo. Iliamuliwa zamani, na mara nyingi aliyeiamua hakujua kwamba anaamua.

Swali linalofuata kila mara ni: zoea jipya huchukua siku ngapi? Jibu linalozunguka mitaani ni siku 21. Asili yake inachekesha kidogo. Mwaka 1960 Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa kurekebisha sura, aliandika kwamba wagonjwa wake huhitaji kama siku 21, kwa uchache, kuizoea sura yao mpya kwenye kioo. Neno “kwa uchache” likapotea njiani, wagonjwa wakapotea, kioo kikapotea, ikabaki namba. Phillippa Lally na wenzake jijini London walipokuja kupima jambo lenyewe, waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12. Kila mmoja alichagua tendo moja dogo la kula, kunywa au kufanya mazoezi, alifungamanishe na jambo ambalo tayari hulifanya kila siku. Mtu wa katikati alifikia hatua ya kufanya bila kufikiri baada ya siku 66. Wa haraka alitumia siku 18. Wa polepole, kwa makadirio ya hesabu zao, angehitaji siku 254.

Tofauti kati ya 18 na 254 ni kubwa mno kiasi kwamba anayekuuzia mpango wa siku maalumu anakuuzia siku tu. Ila kuna jambo la pili katika utafiti ule ambalo kwangu lina thamani kuliko namba: kukosa siku moja hakukuharibu kitu cha maana. Waliolisahau tendo lao mara moja waliendelea kulijenga zoea kama kawaida. Wengi wetu huua zoea siku ya kwanza tunapolikosa. Tumeshavunja, tunajiambia, basi tuanze upya mwezi ujao. Mwezi ujao huja na visingizio vyake, na hapo kinachotukwamisha si uvivu tena, ni kule kudai ukamilifu. Kati ya mitazamo yote inayosifiwa, huu wa kujisamehe haraka na kurudi kesho yake hausifiwi sana, labda kwa kuwa unafanana na ulegevu.

Sasa kupanga siku ni kufanya nini hasa? Chukua mtu anayetaka kujisomea baada ya kazi, labda ana mtihani wa kitaaluma mbele yake. Akisema “mwaka huu nitajisomea zaidi”, amesema jambo zuri lisilo na saa wala mahali. Akisema “jioni nikishavua viatu, kabla sijawasha televisheni, nitakaa kile kiti cha dirishani nisome kurasa nne”, amesema jambo la aina nyingine kabisa. Kuvua viatu kutatokea, atake asitake. Kiti kipo. Kurasa nne ni chache kiasi kwamba hata aliyechoka anaona aibu kuzikwepa. Na kama asubuhi kabla hajatoka aliweka kitabu juu ya kiti, na rimoti akaifungia droo ya chumba kingine, amekwisha fanya nusu ya kazi akiwa bado ana nguvu, badala ya kumwachia yule mchovu wa jioni aifanye yote.

Peter Gollwitzer alitumia miaka mingi kuchunguza maazimio ya namna hii, yale ya “ikitokea hivi, nitafanya vile”. Mwaka 2006 yeye na Paschal Sheeran walikusanya matokeo ya majaribio 94 wakakuta kwamba aliyetaja lini, wapi na vipi alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kutimiza lengo kuliko aliyekuwa na nia tupu, hata kama nia zilikuwa sawa kwa ukubwa. Jambo lenyewe ni dogo, halina fahari, wala halifai kuandikwa kwenye bango. Labda ndiyo maana hatulitumii.

Kinyume chake ni kuota. Tunaambiwa tujione tayari tumefika: ofisi kubwa, gari, jina mlangoni. Gabriele Oettingen na Doris Mayer walichapisha mwaka 2002 matokeo ya kuwafuatilia wahitimu wa chuo waliokuwa wakitafuta kazi. Baada ya miaka miwili, wale waliokuwa na ndoto tamu nyingi kuhusu kazi zao za baadaye walikuwa wametuma maombi machache, wamepata nafasi chache, na mishahara yao ilikuwa midogo kuliko ya wenzao. Maelezo ya watafiti ni kwamba ndoto tamu humpa mtu sehemu ya raha ya kufika kabla hajaondoka nyumbani. Anatulia, na aliyetulia hatumi barua ya kumi.

Lakini tusikimbilie kusema matumaini ni mabaya, maana utafiti huohuo ulitenganisha vitu viwili ambavyo kwa kawaida tunavichanganya. Kuna kuota, na kuna kutarajia. Waliotarajia kwa sababu walishaona uwezo wao ukifanya kazi hapo nyuma, walifanikiwa zaidi. Matarajio yao yalikuwa na ushahidi. Dawa anayoipendekeza Oettingen ni kuwaza unachokitaka, kisha papo hapo kuwaza ndani yako ni kipi kitakachokuzuia. Ukisema nataka kupandishwa cheo, sema pia kwamba huwa nakaa kimya kwenye vikao. Hapo unakuwa na jambo la kushughulikia Jumatatu.

Nije kazini, mahali ambapo naona maisha ya watu wengi yanajengwa au kubomolewa na zoea moja tu: namna mtu anavyoshughulika na ahadi aliyoitoa. Ahadi ni deni, kila mtu anajua. Kisichojulikana sana ni jinsi tunavyokopa bila kupiga hesabu. Daniel Kahneman na Amos Tversky waliliandika kosa hili mwaka 1979: binadamu hukadiria muda wa kazi kwa kutazama mpango wake, bila kukumbuka kazi kama hiyo zilivyomchukua zamani. Mwaka 1994 Roger Buehler na wenzake waliwauliza wanafunzi waliokuwa wakiandika tasnifu watamaliza lini. Kwa wastani walisema siku 34. Wakaulizwa, na kila kitu kikienda kombo? Wakasema 49. Walimaliza kwa siku 55. Yaani hata hofu zao zilikuwa na matumaini kupita kiasi, na waliomaliza ndani ya muda waliokadiria hawakufika theluthi.

Kwa hiyo kuchelewa kutatokea, na hatuna haja ya kujifanya watakatifu. Kinachomtofautisha mfanyakazi anayeaminika na asiyeaminika ni kitu kinachofanyika kati ya pale anapojua atachelewa na pale wengine wanapojua. Kwa wengi nafasi hiyo hujazwa na maneno yale tunayoyafahamu wote: “niko mbioni”, “namaliziamalizia”, “nipe dakika chache tu”. Aliyeambiwa namaliziamalizia anapanga siku yake juu ya hewa.

Sasa tazama ujumbe huu, uliotumwa Jumanne asubuhi kuhusu kazi ya Alhamisi: “Mkuu, habari za asubuhi. Ile ripoti haitakamilika Alhamisi kama nilivyoahidi, takwimu za sehemu ya tatu zimechelewa kunifikia. Alhamisi saa nne nitaleta sehemu mbili za kwanza, ya tatu Jumatatu mchana. Kama Alhamisi unahitaji yote, naomba uniambie leo ili nitafute wa kunisaidia.” Hakuna sentensi ya kujieleza sana. Sababu imetajwa mara moja ikaachwa. Kuna kitu kitakachofika siku ileile ya ahadi, kuna tarehe mpya yenye saa, na kuna mlango ulioachwa wazi kwa bosi kuamua akiwa bado ana siku mbili za kuamua. Aliyeuandika amechelewa sawasawa na yule wa niko mbioni. Ila mwaka ujao, akitafutwa mtu wa kukabidhiwa mradi, mmoja atakumbukwa na mwingine ataulizwa anaendeleaje.

Kutuma ujumbe huo ni kugumu kwa sababu unakiri upungufu mbele ya mwenye mamlaka, na hapa suala linaacha kuwa la mtu mmoja. Katika miaka ya 1990 Amy Edmondson alichunguza timu za wauguzi hospitalini akitarajia kwamba timu zinazoelewana vizuri zitakuwa na makosa machache ya dawa. Takwimu zikamletea jibu la ajabu: timu hizo zilikuwa na makosa mengi zaidi yaliyoripotiwa. Alipochimba akaona kwamba mahali ambapo kiongozi hakumrukia aliyekosea, makosa yalisemwa. Kwingine yalifichwa, na karatasi ikabaki safi. Kila bosi anayejisifu kwamba idara yake haina matatizo angefaa kuitafakari habari hiyo kwa muda kidogo.

Kuhusu usingizi nitakuwa mfupi, maana kila mtu ameshaambiwa na hakuna anayesikia. Mwaka 2003 Hans Van Dongen na wenzake waliwapunguzia watu usingizi kwa siku 14 mfululizo. Waliolala saa sita au pungufu waliishia na umakini wa mtu aliyekesha, wengine kama wa aliyekesha usiku mbili. Cha kutisha ni kwamba walipoulizwa, wengi hawakuhisi kuwa wameshuka kiasi hicho. Anayekwambia yeye saa nne zinamtosha ni shahidi asiyefaa katika kesi yake mwenyewe. Na ule wimbo wa kuamka alfajiri unasahau kumuuliza mtu alilala saa ngapi.

Kuna pingamizi moja ambalo sitaki kulipita. Je, si kweli kwamba waliofanikiwa wanatusimulia mazoea yao kwa kuwa ndio waliobaki kusimulia? Ni kweli. Wapo waliofanya yaleyale, wakaamka saa ileile, wakaandika malengo yaleyale, na hakuna aliyewahoji. Lile jaribio maarufu la mtoto na peremende, ambapo anayesubiri dakika chache hupewa ya pili, lilitumiwa kwa miongo mingi kuthibitisha kwamba subira ya utotoni hutabiri maisha. Mwaka 2018 Tyler Watts na wenzake walilipima upya kwa watoto zaidi ya 900. Uhusiano kati ya subira na maendeleo ya baadaye ulikuwa mdogo kuliko ilivyodaiwa, na ulipungua kwa theluthi mbili hivi walipozingatia hali ya familia na uwezo wa mtoto tangu akiwa mdogo. Mtoto ambaye nyumbani kwao kilichoahidiwa kesho huwa hakifiki, ana akili timamu kabisa akikila leo.

Hoja ya mazoea haivunjwi na hilo, lakini inalazimika kukaa mahali pake. Mazoea humsaidia mtu asipoteze bure kile alichonacho, yaani muda, umakini na jina lake kwa watu. Hayawezi kuumba mtaji, wala kumpa mtu wazazi wengine, wala kuleta bahati. Anayekuahidi kwamba ratiba ya asubuhi itakupeleka kileleni amechanganya sababu na pambo. Tena mtu anayefanya kazi mbili na kulea, akiambiwa “sote tuna saa 24”, anatukanwa kwa lugha ya adabu.

Na kama mpangilio unazidi nguvu ya moyo, basi swali linawageukia pia wale wanaopanga siku za wengine. Kuna ofisi zinazoleta mhamasishaji mara moja kwa mwaka azungumzie nidhamu, kisha mwaka mzima zinatuma ujumbe wa kazi saa nne usiku, zinaitisha vikao vitatu asubuhi moja, na kubadilisha vipaumbele Ijumaa alasiri. Mfanyakazi anabebeshwa mzigo wa kujizuia katika mazingira yaliyotengenezwa kumvuruga. Hapo semina haitafua dafu. Anayepaswa kubadili zoea ni aliyeshika kalenda.

Mfano bora ninaoujua wa mpangilio uliowapunguzia watu haja ya ushujaa unatoka chumba cha upasuaji. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi ya ukurasa mmoja ya kutumika kabla, wakati na baada ya upasuaji. Ilikuwa na mambo ambayo kila daktari anayajua: huyu ni mgonjwa yupi, anapasuliwa wapi, dawa ya kuzuia maambukizi ameshapewa, vifaa vyote vimehesabiwa. Katika majaribio ya hospitali 8 katika miji 8 ya mabara mbalimbali, yaliyochapishwa mwaka 2009, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Madaktari walikuwa walewale, na hakuna aliyewaongezea moyo.

Halafu mwaka 2014 zikaja habari kutoka jimbo la Ontario nchini Kanada, ambako hospitali 101 zilianza kuitumia orodha hiyo kwa maelekezo kutoka juu. Zote zilisema zinaijaza karibu kila mara. Vifo havikushuka kwa kiwango cha kuhesabika. Sababu bado zinabishaniwa, na mojawapo inayotajwa ni kwamba kuweka alama kwenye visanduku na kufanya kinachoandikwa si jambo moja. Kwenye orodha ile kuna mstari unaowataka wote waliomo chumbani, kabla kisu hakijagusa ngozi, wajitambulishe kwa jina na kazi yake kila mmoja. Ni mstari rahisi kuruka kuliko yote, kwa sababu daktari bingwa anaona kila mtu anamjua. Lakini muuguzi aliyekwisha sikika akitaja jina lake hupata ujasiri wa kusema “daktari, ngoja kidogo” dakika ishirini baadaye. Kisanduku kinaweza kujazwa na mtu mmoja peke yake baada ya kazi kwisha. Majina hayawezi, yanataka bingwa asimame dakika moja akubali kwamba hata wa mwisho chumbani anaweza kuona ambacho yeye hajakiona.